Siku Picha ya Mama Iliposomwa Moshi

Mama alikuwa ameugua miaka mingi kabla ya mtu yeyote kututajia tezi za adrenali. Kichwa kilimgonga, moyo ulimwenda mbio na jasho lilimtiririka hata asubuhi za baridi kule Kibosho, kisha hali hiyo ilipita na akarudi shambani. Alitibiwa malaria, akatibiwa presha, na wapo waliomwambia kuwa ni mawazo. Hatimaye daktari bingwa mjini Moshi aliagiza mkojo wake wa saa 24 upimwe metanefrini, yaani mabaki ya homoni za adrenalini na noradrenalini, na majibu yalipokuja juu sana alimpeleka kwenye CT, picha ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kwa vipande. Tezi zote mbili, zile zinazokaa juu ya figo, zilikuwa na uvimbe: mkubwa kushoto, mdogo kulia.

Hapo ndipo palipotutesa. Kama tezi zote mbili zingeondolewa, Mama angelazimika kumeza haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya homoni za tezi hizo, maisha yake yote, na kwa mtu anayeishi mlimani, mbali na duka la dawa, kukosa dozi kungeweza kumuua. CT ilikuwa imetuonyesha umbo la uvimbe, lakini haikuweza kutuambia ni upi uliokuwa ukimwaga homoni. Kwa sababu hiyo familia ilichanga, na mimi nikamsindikiza Chennai, India, kupigwa picha ya MIBG, dawa yenye mionzi inayodungwa mwilini ili kuonyesha uvimbe unaomwaga homoni.

Ninachokikumbuka zaidi ni siku tuliporudi na filamu ile kwa daktari wetu wa Moshi. Alimwamkia Mama, akaibandika filamu kwenye kisanduku cha taa, nasi tukanyamaza. Ulionekana mwili wa mtu kama kivuli, na ndani yake madoa meusi mengi. Mama alishika mkono wa baba mdogo, akauliza, "Mwanangu, ugonjwa umeenea kote huko?"

"Hapana, mama. Ngoja nikuonyeshe moja moja."

Akaanza kichwani, akishuka kwa ncha ya kalamu. Madoa ya mashavuni yalikuwa tezi za mate, doa pana la kulia lilikuwa ini, na lile la chini kabisa lilikuwa kibofu, kwa kuwa dawa hutoka kwa njia ya mkojo. Yote hayo huonekana hata kwa mtu mzima wa afya. Shingoni palikuwa peupe, na hilo lilimfurahisha, kwani lilionyesha kwamba matone ya Lugol, yaani maji ya iodini ya kawaida, aliyokunywa kabla ya sindano yalikuwa yameizuia tezi ya shingo isinyonye iodini ya mionzi. Kisha akasimamisha kalamu kwenye doa moja la mviringo, jeusi kuliko mengine, juu ya figo ya kushoto. Upande wa kulia hapakuwa na kitu.

Alitueleza kwamba MIBG inafanana na noradrenalini kiasi kwamba seli za uvimbe wa aina hiyo huivuta na kuihifadhi, na iodini 131 iliyofungwa humo hutoa miale ambayo kamera ya gama huinasa kesho yake na keshokutwa. Dawa hiyo ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakutuficha kuwa picha hiyo huweza kukosa baadhi ya uvimbe. Hata hivyo uvimbe wa kulia kwenye CT ulikuwa na mafuta mengi, dalili ya uvimbe usio na madhara, na vipimo vyote viwili vilikuwa vikisema jambo moja.

Nasema bila kusita kwamba ubora wa picha ile ulianzia Moshi. Ni daktari huyo aliyemwachisha Mama labetaloli, dawa yake ya presha, mapema na kumpa dawa nyingine, kwa kuwa labetaloli huzuia MIBG isiingie kwenye seli, na doa tulilolifuata mbali hivyo lingeweza kufifia.

Kabla ya upasuaji alianzishiwa prazosini, dawa ya kulegeza mishipa ya damu, na dawa ya kupunguza mapigo ya moyo ikafuata baadaye, kwa maana ikitangulia peke yake presha inaweza kupanda vibaya mno. Tezi ya kushoto iliondolewa, ya kulia ikabaki, na Mama hajawahi kuhitaji haidrokotisoni ya kudumu. Kila mwaka hushuka mjini na chupa yake ya mkojo kupimwa metanefrini, kwa kuwa uvimbe huo unaweza kurudi hata baada ya miaka mingi.