Dagaa walivyoniponza, na jinsi nilivyolituliza jongo

"Acha nyama nyekundu, kula dagaa." Ushauri huo ulinitesa miezi minne, na kila nikimsikia mtu akimpa mwenye jongo, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, napandwa na hasira. Mimi nilipewa na shemeji, kwa nia njema kabisa. Nikaipa kisogo nyama ya mbuzi. Asubuhi nikawa nashuka Deep Sea, hapa Tanga, kuchukua fungu la dagaa; jioni pweza wa nazi. Usiku mmoja kidole gumba cha mguu kikavimba hata shuka likikigusa napiga kelele. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimekaa kitako, mguu nje ya chandarua.

Daktari aliponiuliza nakula nini, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, dagaa unamla mzima mzima, seli zote hizo." Akanieleza: nyukliotidi za seli, yaani vijenzi vya vinasaba, zikivunjwa hutoa kemikali ziitwazo purini, na kimeng'enya (protini ya kuharakisha kazi za mwili) kiitwacho zanthini oksidesi, kilichojaa kwenye ini, huzimalizia kuwa asidi ya yuriki. Wanyama wengi wana kimeng'enya kingine cha kuivunja asidi hiyo, binadamu hatuna. Ikizidi, hugeuka fuwele kama sindano ndani ya kiungo. Tena sehemu kubwa mwili huitengeneza wenyewe, kwa hiyo kubadili mboga peke yake kusingeniponya.

Nikaanzishiwa alopurinoli, miligramu 100 kwa siku, ya kuizuia ile zanthini oksidesi. Dawa hiyo imetokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Nobel mwaka 1988, nami nawaombea kila siku.

Wiki ya tatu kidole kikawaka upya! Nikataka kuvitupa vidonge. Kumbe asidi ikianza kushuka, fuwele za zamani huyeyuka na kukichokoza kiungo. Nikapewa cha kutuliza maumivu, nikaambiwa nisikatishe, ila nikiona upele tu niache na nirudi mbio. Dozi ikapandishwa taratibu mpaka kipimo cha asidi ya yuriki kwenye damu kikasoma chini ya miligramu 6 kwa desilita. Vidonge vya mwezi mzima hununua kwa elfu kumi na ushee.

Ili nisisahau, naviweka ndani ya kopo la majani ya chai, maana chai ya asubuhi siikosi. Dagaa nala kidogo, mara mojamoja. Juzi nimetoka Ngamiani hadi Raskazone kwa miguu, viatu vya kamba, vimefungwa sawasawa.