Mtazame yule anayesikiliza

Kwa miaka mingi nilimjua Marianne Jean-Baptiste kama Vivian Johnson tu, mpelelezi wa FBI katika tamthilia ya Without a Trace. Wenzake wakishaanza kubishana, mimi macho yangu yako kwake, maana alikuwa na namna ya kumsikiliza mtu aliyepotelewa na ndugu hadi ukaona ameshaelewa jambo ambalo halijasemwa. Nilidhani ni Mmarekani. Kumbe ni mzaliwa wa London, amesomea uigizaji RADA, chuo cha maigizo cha huko huko London.

Nilipoitazama Secrets & Lies filamu ya mwongozaji Mwingereza Mike Leigh, ya mwaka 1996, nilibaki najiuliza tulikuwa wapi siku zote. Humo yeye ni Hortense, mpima macho mweusi aliyeasiliwa utotoni, ambaye baada ya kufiwa na mama mlezi anamtafuta mama aliyemzaa. Mama mwenyewe ni Cynthia, mzungu, anayeigizwa na Brenda Blethyn. Kuna sini, yaani kipande kimoja cha filamu, ya mgahawani ambayo sijui nimeirudia mara ngapi. Wamekaa upande mmoja wa meza, kamera imetulia mbele yao, dakika zinapita bila picha kukatwa. Cynthia anakana kwamba ana binti mweusi, haiwezekani kabisa, halafu kumbukumbu inamrudia ghafla na kilio kinamtoka. Watu humsifu Blethyn hapo, na anastahili. Lakini Hortense je? Amekaa wima, ameumia, na bado anamwonea huruma mama anayemkana. Hayo yote anayabeba karibu kimya. Mike Leigh huwaacha waigizaji wake wawajenge wahusika kwa miezi mingi ya kubuni papo kwa papo, na Blethyn hakujua kuwa bintiye ni mweusi mpaka walipokutana katika mazoezi hayo.

Filamu ilichukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Jean-Baptiste akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Uingereza kuteuliwa kuwania Oscar ya uigizaji. Mwaka uliofuata Cannes ilitimiza miaka 50, waigizaji vijana wa Uingereza wakapelekwa kusherehekea, yeye akaachwa. Alilisema hadharani bila kumung'unya maneno, na mimi namheshimu kwa hilo. Kazi akaipata Marekani: Without a Trace peke yake ni misimu saba, 2002 hadi 2009. (Huyu huyu ndiye aliyeshiriki kutunga muziki wa Career Girls, filamu nyingine ya Leigh. Wangapi wanajua?)

Mwaka 2024 akarudi kwa Leigh katika Hard Truths. Humo yeye ni Pansy, na Pansy hasikilizi mtu. Anamfokea mume, mwana, daktari, hata wageni dukani. Kisha, nyumbani kwa dada yake, anasikia kwamba mwanawe amemnunulia maua. Anaanza kucheka. Kicheko kinaendelea, kinapanda, na katikati yake kinageuka kilio bila mimi kuona kiligeukia wapi. Nilirudisha nyuma mara tatu kutafuta mahali penyewe.

Wahakiki wa New York na wa Los Angeles walimpa tuzo zao. Oscar haikumteua hata kuwania, na hilo bado linaniuma.

Ukiipata Secrets & Lies, fika kwenye ile sini ya mgahawani, kisha irudie. Mara ya pili mzibe Cynthia kwa kiganja, umtazame Hortense peke yake.