Siku ya kuipiga silikoni kwa protoni

Saa 1:00 asubuhi niliteremka tramu namba 18 mbele ya lango la CERN, maabara ya utafiti wa chembe iliyoko Geneva, kifuani nikiwa na kipimo cha mnururisho, ambacho ukikisahau nyumbani umejifungia mlango. Leo ilikuwa zamu yetu HiRadMat, mahali ambapo protoni za kiongeza kasi cha SPS, zenye nishati ya GeV 440 (elektronivolti bilioni 440), huachiwa zipige vifaa kwa makusudi.

Hadi saa 4:00 nilipima vigunduzi vyetu vya silikoni, vifaa vya kunasa chembe zinazopita, kabla ya kipigo, nikipandisha umeme volti 10 kila hatua na kuandika mkondo unaovuja. Inachosha, lakini bila kipimo cha asubuhi, kile cha jioni hakifai kitu. Kigunduzi cha pili kilipofika volti 60, mkondo ulianza kurukaruka, nikadhani kimekufa kabla ya vita. Kumbe ni plagi niliyoichomeka jana bila kuisukuma mpaka ilie.

Wengi hudhani tunapima uchakavu wa miaka, ule wa chembe kung'oa atomu moja moja kutoka kwenye fuwele. Huo hupimwa kwingine. Sisi tunaihofia ajali: mwali wa protoni wa LHC, kiongeza kasi kikubwa cha CERN, ukipotoka na kukipiga kigunduzi, silikoni hujaa chaji ghafla ikapitisha umeme kama waya, na volti zilizokuwa zimetandaa katika unene wake wote zikaviangukia vijistari vyembamba vya kusomea pamoja na chipu iliyounganishwa navyo. Yaani umeme tuliouwasha wenyewe ndio unaoweza kutuunguzia kifaa.

Saa 7:00 tulikula, kisha tukasubiri mwali, na kusubiri ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii.

Saa 9:20 simu ililia: kishada kimoja, yaani kundi moja la protoni, kinakuja. Mkondo uliruka, ukatulia. Tuliongeza hatua kwa hatua hadi, saa 12:00 jioni, vishada 288 vilivyopishana kwa nanosekunde 25, ambavyo hupita vyote ndani ya mikrosekunde 7 hivi. Umeme ulijikata wenyewe. Nilipouwasha tena mkono ulinitetemeka kidogo, sikatai.

Kuingia handakini hairuhusiwi mpaka wahusika wa usalama wapime mnururisho, hivyo nilikagua kwa mbali, kupitia nyaya. Mkondo unaovuja ulikuwa karibu sawa na wa asubuhi, ila vijistari vitatu havikujibu. Niliandika namba zake daftarini, 41, 42 na 117, nikaiwahi tramu ya saa 3:00 usiku.