Kutema hakuokoi meno: kwa wanaoonja mvinyo Uganda

Kila mwonjaji hufundishwa kutema tangu siku ya kwanza. Kutema kunakukinga usilewe, lakini hakulindi meno. Kinachohesabika kwa jino ni muda ambao asidi imelikalia, na mwonjaji huikalisha kwa makusudi: huzungusha funda, hulivutia hewa, hulipitisha kwenye fizi. Mnywaji wa kawaida humeza na kuendelea na mazungumzo.

Enameli, gamba gumu la nje la jino, huanza kuyeyuka pH ya mdomo (kipimo cha asidi; namba ikishuka, asidi imezidi) ikishuka chini ya 5.5 hivi. Mvinyo mwingi wa zabibu uko kati ya 3 na 3.8, na mweupe kwa kawaida ni mkali kuliko mwekundu. Kipimo hicho huenda kwa mara kumi kila hatua, kwa hiyo mvinyo wa 3.2 una ukali wa karibu mara 200 ya kiwango ambacho enameli inaanza kushindwa. Mvinyo wetu wa matunda hauna nafuu. Nanasi la Kayunga na Luweero, na pasheni pia, yamejaa asidi ya sitriki, ambayo mbali na kuyeyusha hunasa kalsiamu ya jino na kuondoka nayo. Choya (rosela) nayo ni kali vilevile.

Mate ndiyo ulinzi wa kwanza. Yana baikabonati ya kuvunja makali ya asidi, pamoja na kalsiamu na fosfeti za kuimarisha enameli iliyolainika. Ila kazi hiyo huchukua dakika kadhaa baada ya kila funda. Chukua sampuli 30 kwa asubuhi moja, kila moja ikikaa mdomoni sekunde 20. Ukijumlisha, ni dakika 10 tu. Lakini ukionja moja kila baada ya dakika 2, mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi, na meno yanashinda kwenye asidi saa nzima. Kwa maoni yangu, mpangilio wa kikao huumiza zaidi kuliko idadi ya glasi.

Basi gawa sampuli makundi ya 6 hadi 8, na katikati upumzike dakika 10 au 15. Wakati huo kunywa maji ya kawaida na utafune mkate mkavu. Kutafuna huongeza mate. Maji ya ndimu yasiwepo mezani kabisa. Maziwa na jibini ni kinga nzuri, lakini mafuta yake hufunika ulimi, hivyo yasubiri mwisho wa kikao. Mwisho huohuo sukutua kwa sodiamu baikabonati (baking soda): nusu kijiko cha chai kwenye mililita 250 za maji, sekunde 30, kisha tema. Usichukue baking poda, kwa sababu imechanganywa na asidi ndani yake. Na magadi ya kulainishia maharage usiyaguse kwa kazi hii, yanaunguza mdomo.

Kwa wanaotengeneza mvinyo wenyewe, funda nyingi haziko kwenye mashindano. Ziko kwenye mapipa, pale unapoonja kila asubuhi ili ujue asidi imefikia wapi. Kazi hiyo iachie kipimo. Chukua mililita 10 za mvinyo, utikise mpaka gesi yote iishe (gesi ya uchachushaji huongeza hesabu), kisha dondoshea sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M (mole 0.1 kwa lita) mpaka mita ya pH isome 8.2. Mililita ulizotumia, zizidishe kwa 0.64 upate gramu za asidi ya sitriki kwa lita. Kwenye mvinyo wa choya usitegemee fenofthalini (kiashiria kinachobadilika rangi), maana rangi nyekundu ya choya huficha mabadiliko. Ulimi utumie pale tu unapohitaji uamuzi wa ladha.

Mswaki ndio unaoharibu zaidi meno ya watu wasiojua. Baada ya kuonja, enameli ya juu imelainika, na ukisugua papo hapo unaiondoa. Subiri saa moja. Kabla ya kuonja pia usipige mswaki dakika za mwisho: mate huacha utando mwembamba wa protini unaolikinga jino, mswaki huufuta, na unahitaji muda kurudi. Piga mapema, walau saa moja kabla. Tumia mswaki laini na dawa yenye floridi ya 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni). Yenye floridi ya bati hukinga zaidi dhidi ya asidi. Mkaa, majivu na chumvi kavu hukwangua, tena vibaya zaidi kwa jino lililolainika.

Mmomonyoko haufanani na kuoza, hakuna shimo jeusi. Tazama meno ya mbele ya juu karibu na fizi: uso unakuwa laini na kung'aa kupita kawaida, ncha zinapitisha mwanga, rangi ya njano ya dentini (tabaka lililo chini ya enameli) inajitokeza. Kwenye magego, vilele vinachimbika kama vikombe vidogo, na jazo la zamani linabaki limeinuka juu ya jino lililolizunguka. Upande wa ndani wa meno ya juu ukiwa ndio ulioliwa, shuku asidi inayopanda kutoka tumboni, na umweleze daktari.

Ganzi ya meno, yaani kushtuka kwa maumivu ukipata baridi, huja pale vijitundu vya dentini vinapobaki wazi, na baridi au hewa kusukuma maji yaliyomo hadi kuisisimua neva. Dawa ya meno yenye potasiamu nitrati ya asilimia 5 huituliza, lakini ipe wiki 2 hadi 4. Usiku, baada ya kupiga mswaki, tema tu bila kusukutua, na upake kidogo kwa kidole mahali panapouma.

Mwambie daktari wa meno wazi kwamba kazi yako ni kuonja. Omba picha za meno kila mwaka zilinganishwe, na varnishi ya floridi (dawa ya kupakwa juu ya meno) kila miezi 3 hadi 6. Dentini ikiwa imeshajitokeza, anaweza kuifunika kwa kompoziti (jazo la rangi ya jino). Maumivu yakiendelea zaidi ya nusu dakika baada ya baridi kuondoka, au yakikuamsha usiku, usingoje wiki hizo za dawa. Neva huenda imeshaathirika.