Mwanangu alikuwa hapati usingizi mchana, kumbe kosa lilikuwa kumzuia asilale

Mwanangu ana miezi mitatu na nusu sasa, mchana analala mara nne, saa nyingine tano. Ila alipokuwa na miezi miwili, hapa Makorora nilikuwa nalia naye. Joto la Tanga kipindi cha kaskazi mnalijua, hata mtu mzima usingizi wa mchana anautafuta.

Kilichoniumiza ni ushauri. Jirani akasema nimpe maji ya sukari, mwingine eti piritoni kidogo tu. Piritoni kwa mtoto wa wiki nane! Niligoma palepale, na maji pia, maana kliniki walishatuambia ni maziwa ya mama tu mpaka miezi sita. Ila wifi yangu aliposema nimzuie asilale mchana ili usiku alale fofofo, hilo nikalifuata na mpaka leo najuta. Siku tatu nzima, akisinzia namfuta uso na kitambaa cha maji, namchezesha, namtoa barazani aangalie bajaji zinavyopita, ikifika alasiri analia mpaka sauti inakauka, titi analisukuma, miguu anaikunja, tukasema ni mchango, tumbo likakandwa weee, na usiku ndo kabisa, kila nusu saa anashtuka. Siku ya tatu mume wangu karudi kazini kanikuta nimekaa mlangoni mtoto begani, sote tunalia.

Tulipoenda chanjo ya wiki ya 10 nesi akaniuliza, akiamka anakaa macho muda gani? Sikuwa najua. Akasema umri huo saa moja mpaka saa moja na nusu inamtosha, ikizidi hapo anachoka kupitiliza, na akishachoka hivyo usingizi ndo unakimbia. Basi nikaanza kuangalia saa. Akikodoa macho sehemu moja au akipiga mwayo wa kwanza, namwingiza ndani, msisubiri afikiche macho.

Sasa kumlaza ndo kulikuwa na kazi, mikononi kalala, akigusa godoro tu macho hayo. Nikagundua kitu. Kanga niliyolala nayo usiku naitandika kwenye godoro lake, naivuta ikaze kama shuka na kuichomeka chini kote, kwa hiyo anasikia harufu yangu. Nasubiri mkono wake ulegee kabisa, ukiuinua unadondoka, halafu natanguliza matako, mgongo, kichwa mwisho, chali, mto sitaki kuuona, na kiganja changu nakiacha kifuani pake mpaka pumzi itulie. Pangaboi dogo tulinunua elfu arobaini na kitu, nimeligeuzia ukutani, upepo unamfikia ukiwa mpole.

Vipo vipindi bado analala dakika thelathini tu, simlazimishi, namchukua tunasubiri mwayo mwingine. Jana lakini alilala nikakuna nazi, nikabandika wali, nikaoga, nikarudi kumchungulia kwenye chandarua, bado kalala.