Siku moja maishani mwangu: mchoma diski

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua mlango wa kibanda ninamochomea watu diski za DVD, yaani kuziandikia video zao, nawasha kompyuta mbili na deki tatu, nafuta vumbi. Deki mojawapo ni kuukuu na ina mwiko wake: diski yoyote iliyochomwa ovyo inaikataa. Ndiyo maana siitupi. Ikikubali diski yangu, nina imani deki ya mteja nayo itaikubali.

Saa 2 hadi saa 4 ni kazi za kawaida. Dada mmoja ameleta diski ndogo ya sentimita 8 iliyotoka kwenye kamera, deki yake haiioni kabisa. Haikuharibika, haikufungwa tu. Diski ikishamaliza kurekodiwa lazima ifungwe, na kwa kawaida hufungwa na kamera ileile iliyoirekodi, ndipo deki ijue mwanzo wake na mwisho wake. Namwambia akailete kamera. Kijana mwingine anataka nimnakilie filamu ya dukani. Hiyo sifanyi, ina wenyewe. Mimi nanakili vya watu vyao: harusi, mahafali, mazishi, mtoto anayeanza kutembea.

Saa 4 kasoro dakika chache anaingia mzee ameshika mfuko. Ndani mna diski 12 za harusi ya binti yake wa mwisho. Alinakiliwa na jirani, akawagawia ndugu, na wote 12 wakamrudishia. Kila deki inasema hakuna diski.

"Mwanangu, ni dakika tano tu. Si unatoa humu unatia humu?"

Shikamoo yangu aliiitikia akiwa ameshavuta kiti. Nikaiweka moja kwenye kompyuta: faili moja ya video aina ya MP4, imekokotwa ikatupwa kwenye diski. Kwenye kompyuta inacheza vizuri kabisa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kompyuta husoma karibu kila kitu. Deki ya zamani inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake faili za VOB zenye video yenyewe, zisizozidi gigabaiti 1 kila moja, pamoja na faili ndogo za IFO zinazoielekeza picha ianzie wapi na iruke wapi. Picha zenyewe kwa kawaida huwa zimebanwa kwa mtindo uitwao MPEG-2. Bila hivyo, deki inazungusha, inahema, inatema.

Kwa hiyo si kunakili, ni kuitengeneza video upya. Na hii ni ya saa 3 na dakika 10.

Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7. Kwa urefu huo, kila sekunde inapata megabiti 3 na ushei, sauti ikiwemo. Watu wakiwa wameketi, picha inavumilika. Wakianza kucheza, inavunjika vipande vipande vya mraba. Nikamshauri tugawe diski mbili, kila sekunde ipate megabiti 6 na ushei. Mzee akakataa katakata. Harusi ni moja na diski iwe moja, asije akaambiwa amegawa nusu ya sherehe.

Sikubishana naye. Nilichukua diski ya kufutika, nikachoma dakika chache za muziki kwa kipimo cha diski moja, nikaitia kwenye deki, nikamgeuzia televisheni. Bibi harusi alipozunguka, shela lake likawa matofali. Mzee akatazama kimya. Halafu akasema, "Fanya mbili." Hapo ilishafika saa 5 na nusu.

Kompyuta ikaanza kuigeuza video, na mzee akaanza kuuliza. Imefika wapi? Kwa nini namba haisogei? Huyo jirani alimaliza kwa nusu saa, wewe mbona hivi? Maswali haya yananichosha kuliko kazi yenyewe, kwa sababu kila ninapomjibu namwacha mteja mwingine amesimama. Lakini siwezi kumkasirikia mtu aliyekwisha kuaibika mbele ya ndugu 12.

Saa 8 mchana ikaiva. Nikachoma za kwanza tatu kwa kasi ya 8, ingawa kasha limeandikwa 16. Kwa uzoefu wangu, zilizochomwa taratibu deki kuukuu inazipokea bila ubishi. Nilipokuwa nazitoa, mzee akasema kwa utulivu kabisa:

"Mbili zinakwenda Marekani, kwa kaka yake."

Nikakaa chini. Video yetu ni ya mfumo wa televisheni uitwao PAL, mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. Kule mfumo ni NTSC, mistari 480 na picha karibu 30, na deki nyingi za kule hazisomi PAL. Suala la kanda, yaani diski kufungiwa ichezwe sehemu fulani tu ya dunia, halinisumbui, diski ninazochoma sizifungii kanda yoyote. Ila mfumo sina ujanja nao. Ilibidi nianze tena kutoka kwenye faili ya asili, maana kuibana video iliyokwisha kubanwa ni kuiharibu sura.

Baada ya hapo saa sikuziangalia. Nilichoma za hapa huku kompyuta ya pili ikitengeneza za Marekani. Diski 24 kwa jumla, na kila moja naijaribu mwanzo, katikati na mwisho. Mwisho ndio muhimu, kwa kuwa diski huandikwa kutoka ndani kwenda ukingoni, na makosa mengi nayakuta ukingoni. Ya 17 ilikwama baba akiwa anatoa nasaha. Nikaivunja, nikachoma nyingine. Mgongo unauma, macho yanawasha. Majina nayaandika kwa kalamu ya wino laini. Stika za karatasi sizitumii, zinaweza kubanduka ndani ya deki au kuifanya diski izunguke kwa kuyumba.

Giza limeshaingia mzee anaondoka na mfuko wake. Hakusema asante, alisema atajaribu kwanza. Ni haki yake.

Nimefika nyumbani, sijavua viatu, simu inaita. Ni yeye. Hasemi kitu. Nyuma yake nasikia vigelegele, ule wimbo wa maharusi kuingia ambao leo nimeusikia mara nyingi mno, na mtu anasema kwa sauti, "Ongeza, ongeza!" Nikaishika simu sikioni mpaka wimbo ukaisha.