Kamba ya roketi: kwa nini niliacha lastiki

Roketi yetu ya karatasi ilikatika kamba, ile inayounganisha pua na bomba, ikiwa angani. Pua ilishuka polepole na parachuti, bomba likaja lenyewe na kujikita mchangani. Wanafunzi wangu walinyamaza kimya. Hawa ni watoto wa Malindi. Wanajua kuwa ni hapo Ngomeni ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Roketi kwao ni jambo la nyumbani.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimefunga lastiki ya mafundi cherehani kutoka kwenye injini hadi kwenye pua. Baruti inayotoa parachuti hupuliza gesi ya moto ndani ya bomba, na kufikia safari ya tatu lastiki ilikuwa imekauka na kupasuka pasuka.

Sasa natumia kamba ya vipande viwili. Chini, penye moto, ni uzi wa Kevlar, nyuzi za viwandani zinazostahimili joto, kwa sababu hauyeyuki. Lakini ni mwembamba na haunyumbuki: ukivutwa kwa ghafla kwenye mdomo wa bomba, unaipasua karatasi hadi katikati. Kwa hiyo naukata uishie ndani, sentimita 3 kabla ya mdomo, halafu naunga nailoni nene iliyosukwa. Bomba letu lina sentimita 45, kamba nzima mita 1 na nusu. Ikiwa fupi, pua hurudi kwa kishindo ikaligonga bomba.

Ncha ndizo zilizonitoa jasho, maana hufumuka. Nailoni ni rahisi, kila mvuvi huichoma kwa kiberiti ikajifunga. Nikampelekea ule uzi wa Kevlar mzee mmoja anayeshona nyavu ufukweni. Akaujaribu motoni, ukawa mweusi tu, nyuzi zikabaki zimefumuka.

“Huu hautaki moto, mwanangu,” akasema. Akauzongea uzi mwembamba kwenye ncha, mizunguko kama kumi, akakaza. Mimi nikaongeza tone la supagluu, nikaacha likauke, ndipo nikakata kwa mkasi mkali. Fundo nalo nililitia tone, maana Kevlar huteleza. Ila gundi isisambae: uzi ukikakamaa mahali unapojikunja, huvunjika hapo hapo.

Tangu hapo roketi imepaa mara nane. Kipande cha chini kimejaa masizi, na kabla ya kila safari mwanafunzi mmoja hukivuta kwa mikono miwili huku wenzake wakitazama.